Sifa za Bubu wa Kifaransa

Jioni ya kwanza ya darasa la Kifaransa nilimwamkia mwalimu kwa heshima zote nilizofunzwa nyumbani: "Bonsoir, Madame." Neno la pili nililitamka kama lilivyoandikwa ubaoni, silabi tatu, ma-da-me, bila kupunja hata moja. Mwalimu, mama wa makamo aliyezaliwa Paris, akatabasamu na kunisahihisha: "Madam."

"Lakini mwishoni kuna e, Mwalimu."

"Ipo."

"Sasa mbona hatuisemi?"

"Kwa sababu ni bubu." Akachukua dasta, akafuta ubao.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Sisi tuliolelewa na Kiswahili tumezoea haki: irabu ikiandikwa itasemwa. Hatujawahi kuajiri irabu ije kusimama tu. Andika kaa, utaisema a mara mbili. Andika aondoaye, utazimaliza zote hata pumzi ikikata. Mpe Mfaransa neno letu pole alisome kwa kanuni za kwao, atasema pol, na huruma yote itabaki mdomoni mwake. Mpe bure, atalikata mkia. Hata cha bure anakipunguza!

Usiku ule nilikusudia kuandika malalamiko. Miaka imepita, nimeishi na herufi ile kwa karibu, na nikishika kalamu leo zinatoka sifa. Basi nimpandishe cheo kwanza. Herufi iko katika ngeli ya i-zi, pamoja na sahani, kalamu na ndala. Lakini bubu ni mtu. Kwa hiyo kuanzia hapa sitasema e hii inanyamaza. Nitasema e huyu ananyamaza. Nimemwingiza katika ngeli ya a-wa, na anayetaka kumtoa aje na wakili.

Msifiwa huanziwa nasaba, na ya huyu si ya kuokota. Babu yake ni a wa Kilatini. Warumi waliuita mwezi luna, waridi rosa, mlango porta, wakiachama kinywa mpaka mwisho wa neno. Waitaliano husema hivyo hivyo hadi leo. Lakini katika Kilatini kilichozungumzwa kaskazini mwa nchi inayoitwa sasa Ufaransa, irabu nyingi za mwisho zilikufa kabisa, na a ndiye aliyekataa kufa. Alizeeka tu. Sauti ikapungua, kinywa kikafumba kidogo kidogo, akawa e: lune, rose, porte. Kufikia karne za 16 na 17 hata sauti hiyo ya kizee ilikuwa ikipotea katika mazungumzo, akabaki kwenye maandishi. Kwa hiyo ukimwona e mwishoni mwa lune, unamwona mzee aliyesema Kilatini ujanani mwake. Sasa amekaa kwenye kiti barazani, hasemi kitu, wala hakuna anayethubutu kumwondoa.

Wala asidhaniwe kuwa anakula bure. Chukua petit, yaani "kidogo" kwa jinsi ya kiume. T ya mwisho haisikiki. Mwongeze bubu wetu upate jinsi ya kike, petite, na papo hapo t inasikika, tena kavu na kali. Aliyeitoa t ndani hakusikika mwenyewe. Hivyo ndivyo mkunga anavyofanya kazi: nyumba nzima inasikia kilio, na anayelia ni mtoto. Vert ikawa verte, grand ikawa grande, konsonanti zilizokuwa zimelala zikaamka. Mfukuze mkunga huyu, na vivumishi vya kike vya Kifaransa vyote vya namna hii vitarudi uanaumeni bila ndevu.

Tena ni mpatanishi. Herufi g ya Kifaransa ikikaa mbele ya o huunguruma kama g ya gari. Wafaransa walipotaka kuandika pigeon, yaani njiwa, waliona ndege mpole kama yule hafai kuungurumiwa. Wakamwita e asimame kati ya g na o. Hakuhubiri, hakushika mtu shati. Alisimama tu, g ikalainika ikatoka karibu na j yetu. Kitenzi manger, "kula", kina ugomvi uo huo kinapofika "tunakula", na e huyo huyo huitwa tena: mangeons. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kutuliza ugomvi kwa kusimama tu?

Kifaransa kina mabubu wengi, lakini wengi wao ni wafuata mkumbo. Hebu tazama ils parlent, maana yake "wanasema". Herufi tatu za mwisho, e, n na t, ndizo zilizobeba wingi. Ndizo wa ya wanasema. Zote tatu hazisikiki. Taifa zima limekubali kuandika "wanasema" kwa kunyamaza, na aliyeongoza msafara ni e. Au tazama créée, "aliyeumbwa" kwa jinsi ya kike: e watatu wamepanga foleni. Wawili wa mbele wamevaa alama vichwani, wanasikika. Wa tatu yuko kichwa wazi, kimya, na ndiye anayetuambia kuwa aliyeumbwa ni mwanamke. Wanafunzi wa Ufaransa waliopoteza maksi za imla kwa kumsahau huyo wa tatu hawana idadi.

Watu wa namna hii huwa hawathaminiwi sokoni. Katika toleo la Kifaransa la Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, kuna vigae 102, na 15 kati yake ni e. Hakuna herufi nyingine inayomkaribia kwa wingi. Thamani ya kila kimoja? Pointi 1. Vigae vya k na w, herufi ambazo Kifaransa huziona kama wageni wa mara moja kwa mwaka, vina pointi 10 kila kimoja. Lakini jaribu kucheza bila e uone kama utavuka raundi ya pili.

Hata hivyo, waheshimiwa wakubwa wamekosa usingizi kwa ajili yake. Novemba 2017 Waziri Mkuu Édouard Philippe alitoa waraka wa kukataza maandishi rasmi ya serikali yasitumie ule mtindo wa kuwataja wanaume na wanawake katika neno moja kwa kumtenga e kwa nukta, kama étudiant·e·s. Februari 2019 Académie française, baraza la lugha lililoanzishwa mwaka 1635, likaridhia baada ya ubishi wa miaka mingi kwamba majina ya kazi yawe na sura za kike. Sasa tamka professeur, mwalimu mwanamume. Kisha tamka professeure, mwalimu mwanamke. Sikio halioni tofauti. Wasomi wa nchi kubwa wamerushiana maneno magazetini juu ya irabu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeisikia. Nitajie irabu nyingine yenye cheo hicho.

Nimesema bubu, lakini nisimsingizie: akihitajika, husema. Sikiliza siku za wiki. Jumamosi ni samedi, na Wafaransa wengi husema sam-di, e amemezwa. Ijumaa ni vendredi, Jumatano ni mercredi, na hapo e hamezwi, lazima umseme. Kwa nini? Maurice Grammont, mtaalamu wa matamshi, alilieleza jambo hili tangu mwishoni mwa karne ya 19. Ukimtoa e katika samedi, m na d zinakutana mbili, zinapishana salama. Ukimtoa katika vendredi, d, r na d zinagongana tatu kwa mpigo, ulimi unakwama. Kanuni yake inaitwa sheria ya konsonanti tatu. Kwa lugha yetu, e ni askari wa trafiki. Barabara ikiwa nyeupe, humwoni. Foleni ikifunga, ndiye huyo katikati ya mzunguko, mkono juu.

Kwenye barabara nyeupe, Wafaransa hummeza bila huruma. Nilipofika Paris mara ya kwanza nilimsimamisha kijana mmoja kituo cha treni nikamuuliza njia. Jibu la kitabuni lingekuwa je ne sais pas, "sijui", silabi nne zenye e bubu wawili. Kijana aliwameza wote wawili, akameza na konsonanti kadhaa, akanirushia silabi mbili: "shepa". Mimi mtoto wa mjini nikasikia "sepa". Nikasepa.

Wanaomheshimu kwa hesabu ni washairi, na hapa mshairi wa Kiswahili atajiona yuko nyumbani. Sisi tunapima mizani: nane katika mshororo wa utenzi, 16 katika mshororo wa shairi la kawaida. Wafaransa nao wana mshororo wao mkuu wa mizani 12, uitwao alexandrin, na katika kupima huko bubu ana haki zake. Akifuatwa na konsonanti, anahesabiwa. Akifuatwa na irabu, anamezwa. Akiwa wa mwisho katika mshororo, hahesabiwi, ila anakifanya kina kiitwe cha kike, na katika ushairi wa kale vina vya kike na vya kiume vilipokezana kwa zamu. Mtu anayehesabiwa hata pale asiposikika, huyo si mtu mdogo.

Muhula wa pili tulibadilishiwa mwalimu. Huyu alikuwa mzee kutoka Marseille, hana haraka, mkoba wake una zabibu kavu. Aliandika ubaoni maneno matatu, la petite porte, "mlango mdogo", akatuambia tuhesabu silabi. Mtu wa Paris, akasema, atahesabu tatu: la-ptit-port. Mshairi akiyaweka mwisho wa mshororo atahesabu tano: la-pe-ti-te-por, na te ya mwisho ataiacha ipepee nje ya mizani. "Na kwetu Marseille," akasema huku akituonyesha vidole, "la-pe-ti-te-por-te. Sita."

Nilinyanyuka kitini. Sita! Ndivyo nilivyokuwa nikisoma tangu siku ya kwanza, nikachekwa. Mzee akafafanua kwamba kusini mwa Ufaransa watu walizungumza Kioksitani kabla ya Kifaransa kuwafikia, na Kioksitani kina irabu nyepesi za mwisho zinazosemwa. Walipokipokea Kifaransa, walikipokea na mazoea ya kutomnyima mtu sauti yake. Kwa maneno mengine, kosa langu lilikuwa na kwao. Lilikuwa na bandari, na mchuzi wa samaki, na watu wasiopungua mamilioni.

Paris huwacheka watu hao. Lafudhi ya kusini inapendwa katika vichekesho na matangazo ya mafuta ya zeituni, lakini ukienda nayo kuomba kazi ya kusoma habari utaambiwa ukairekebishe kwanza. Jambo lilifika mpaka bungeni: Novemba 2020 Bunge la Taifa la Ufaransa lilipigia kura ya ndiyo muswada wa kukataza ubaguzi wa lafudhi. Na wakati huo huo Waparisi wenyewe, hasa vijana, wana tabia ya kuongeza e pale ambapo hata tahajia haikumwalika. Mtu akisalimia kwa madaha husema "bonjour-e", akimburuta mwishoni kama kanga iliyolegea. Lile lango lao maarufu, Arc de Triomphe, wengi hulitamka "Arke de Triomphe", maana r, c na d zimekutana tatu na askari wa trafiki kaja bila kuitwa. Wanamfukuza mlangoni, wanamwingiza dirishani, kisha wanamcheka wa Marseille aliyempa kiti.

Mwandishi wao Voltaire hakucheka. Katika karne ya 18 Mwitaliano mmoja alipokilaumu Kifaransa kwa hawa e wanaofifia mwishoni mwa maneno, Voltaire alimjibu kwa barua kwamba utamu wa lugha yake umo humo humo: sauti inabaki sikioni baada ya neno kwisha, kama nyuzi za kinanda zinazoendelea kuvuma vidole vikiwa vimeshaondoka.

Watunzi wa nyimbo walilijua hilo. Katika mazungumzo Frère Jacques ni silabi mbili. Katika wimbo wa watoto wenye jina hilo, unaojulikana dunia nzima, zinakuwa nne, na kila e ana noti yake. Tena kuna jambo linalonifanya niamini kuwa historia yenyewe humpenda bubu huyu. Aprili 1860, miaka 17 kabla ya santuri ya Edison, Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville aliimba mbele ya chombo chake kilichochora mawimbi ya sauti juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Wimbo ulikuwa Au clair de la lune, "kwenye mbalamwezi", na jina hilo lina e wawili wa aina yetu. Chombo kiliweza kuandika sauti lakini hakikuweza kuisema. Karatasi ile ilikaa bubu miaka 148, mpaka mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipoisomesha kwa kompyuta, na sauti ya binadamu ikatoka. Ndiyo sauti kongwe zaidi ya wimbo iliyorekodiwa ambayo tunaweza kuitambua leo. Nani kasema aliyenyamaza hana la kusema?

Anayetaka kumjua mtu, na amkose. Mwaka 1969 Georges Perec alichapisha La Disparition, riwaya ya kurasa zipatazo 300 isiyo na e hata mmoja, awe na alama au awe kichwa wazi. Wengi waliiona kama mchezo wa fundi wa maneno, na fundi alikuwa kweli. Lakini fikiria alichojinyima. Père, "baba", lina e. Mère, "mama", lina e. Parents na famille, "wazazi" na "familia", yana e. Je, yaani "mimi", haliwezekani. Jina lake mwenyewe, Georges Perec, lina e wanne. Lisingeweza kuandikwa ndani ya kitabu chake. Baba yake Perec aliuawa vitani mwaka 1940. Mama yake alikamatwa, na mwaka 1943 akapelekwa Auschwitz, hakurudi. Kwa Kifaransa "bila e" ni sans e, na ukimtamka e huyo vizuri, sikio linasikia sans eux: "bila wao". Hapa nami naacha utani kidogo. Herufi ya pointi 1 ilitosha kubeba msiba huo wote.

Basi nirudi kwetu. Ukienda Kigali utasikia duka linaitwa butike. Ni boutique ya Wafaransa, ambayo e wake wa mwisho kwao hatoi hata mkwaruzo. Alipofika kwenye lugha zetu za Kibantu, ambazo silabi zake hupenda kumalizika kwa irabu, aliambiwa: hapa hakuna bubu, sema. Akasema, na wateja wakaingia. Babu yake a alipozeeka kule kaskazini mwa Ufaransa hakujua kuwa mjukuu angekuja kupata sauti karibu na Maziwa Makuu.

Mwalimu wangu wa kwanza hakukosea, na kwenye mtihani ukipenda cheti sema "Madam" kama alivyotaka. Lakini wewe unayejifunza Kifaransa huku ulimi wako umelelewa na Kiswahili, usione haya e akikuponyoka mdomoni. Hujaharibu lugha ya watu. Umeisoma kama washairi wao walivyoipima na kama watoto wao wanavyoiimba. Ukifika kwenye la petite porte, hesabu zote sita bila kuogopa. Paris watacheka, na Marseille watakufungulia.